Mstari Aliouacha Gathii

Hiram Gathii alizaliwa Kitale, lakini ukimuuliza kwao ni wapi atakwambia Nyeri. Ndivyo wanavyojibu wengi wa kizazi chake, ambao baba zao walinunua hisa katika mashamba ya Wazungu waliokuwa wakiondoka, wakahamia Trans-Nzoia na ng'ombe wachache na Biblia. Baba yake alipata kipande cha ardhi upande wa Kibomet kabla mji haujafika huko. Leo nyumba za kupangisha zimejaa pale walipokuwa wakipanda mahindi, na kijiko cha kwanza cha uji alichokula Gathii kilitoka katika shamba ambalo sasa ni duka la mabati.

Hakupenda jembe. Alipenda kufungua vitu. Baba yake alimchapa kwa kuifungua redio ya nyumbani, kisha jioni akaisikia redio ile ile ikisoma habari kwa sauti safi kuliko zamani, akavuta kiti karibu kusikiliza. Baada ya shule Gathii alisomea umeme na mitambo katika chuo cha ufundi, akafungua kibanda cha kutengeneza redio karibu na soko. Alikuwa fundi mwaminifu. Hakuna aliyewahi kusema kwamba Gathii alitoa kifaa kizima ndani ya redio ya mtu akaweka kibovu, na katika mji wetu hiyo si sifa ndogo. Lakini hata wakati ule alikuwa na tabia moja: mteja hakuruhusiwa kumtazama akifanya kazi. Aligeuza kiti, akampa mgongo, na mgongo ule ulikuwa mpana.

Ushirika wa wakulima wa mahindi ulipoanza kutumia kompyuta, ulimwajiri. Mwaka wa 2002 ukanunua mashine kubwa ya kuhifadhi kumbukumbu, na Gathii akapewa ailinde.

Inafaa nieleze mashine ile, kwa sababu bila kuielewa hutaelewa kosa la mtu huyu. Haikuwa kompyuta ya mezani. Ilikuwa na kichwa, yaani sanduku la chuma lenye akili ya kupokea na kutoa, na chini ya kichwa makabati ya diski ambamo kumbukumbu za wanachama zote zililala. Kompyuta za makarani hazikuwa na kitu ndani. Karani alipotaka habari za mwanachama, kompyuta yake iliita kupitia waya, ikaita kwa jina, "Kitale", na mashine ikaitika. Ofisi ya Bungoma, kule Kanduyi karibu na uwanja wa michezo, ilikuwa na mashine ya aina hiyo hiyo. Jina lake lilikuwa "Bungoma".

Na kumbukumbu zenyewe hazikuwa anasa. Walanguzi walikuwa wakivusha mahindi kutoka Uganda kupitia Suam na kuyauza kwa ushirika kwa majina ya wanachama. Kamati ikaweka sheria: hakuna gunia litakalopimwa kabla picha ya mwanachama haijatokea mbele ya karani. Wale wanaume waliokuwa wakijiita Nasambu, jina la mwanamke, wakakoma. Lakini sheria hiyo ilimaanisha pia kwamba mashine ikilala, mizani inalala.

Gathii aliijua mashine yake kama mtu anavyojua ng'ombe wa maziwa. Kila kebo aliizungushia plasta ya kidonda akaandika kwa kalamu inakotoka na inakokwenda. Nywila ilikuwa kichwani mwake, na ufunguo wa chumba shingoni. Makarani walimwita Bwana Mashine, naye alijifanya hapendi.

Mwaka wa 2005 mama yake alifariki. Alikuwa ameagiza azikwe Nyeri kwa watu wake, na familia ikasafiri. Gathii ana binti, Nyaruai, aliyepewa jina la huyo bibi kama desturi ya Wakikuyu inavyotaka. Kando ya kaburi wazee walimshika mtoto yule begani wakasema mama hajaondoka, huyu hapa, ukimwita ataitika. Gathii alilia, akafarijika. Yeye mwenyewe tangu mtoto alipozaliwa humwita mama.

Wiki hiyo hiyo stima ilipotea Kitale, iliporudi mashine haikuamka. Mwenyekiti wa ushirika, Mzee Absalom Kiplagat, mkulima mwenye sauti kubwa na subira ndogo, alimpigia simu Gathii akamwomba nywila tu, na ruhusa ya kuvunja kufuli. Gathii alimjibu wangoje, atakuja. Alikuja kweli, akiwa bado na udongo wa kaburi kwenye viatu, akaiamsha mashine mbele ya watu. Wakampa pole na kumsifu kwa pamoja. Beth, mkewe, alikuwa amebaki Nyeri peke yake na wageni wa matanga. Nasema wazi kwamba mtu anayeacha matanga ya mama yake ili asimpe mwenzake nywila hana haki ya kusifiwa.

Kiplagat hakumsifu. Katika kikao cha kamati alisema ushirika hauwezi kusimama kwa sababu mtu mmoja amefiwa. "Na siku nyingine," alimwambia, "itakuwa ni wewe tunazika. Tutakuuliza nywila kwa sanduku?"

Watu wakacheka. Gathii akatabasamu na meno tu.

Kamati ikaamua mashine ya Bungoma iletwe Kitale, ziunganishwe ziwe jozi. Moja ikianguka, nyingine itabeba mzigo wa zote mbili mpaka mwenzake apone. Ofisi ya Bungoma itafanya kazi kwa mawasiliano ya mlingoti, yaani kwa mawimbi ya redio mpaka Kitale. Na kwa kuwa mashine zitakuwa mbili, watunzaji pia watakuwa wawili, wenye nywila zile zile na funguo zile zile. Wa pili angekuwa Khisa, aliyekuwa akitunza mashine ya Bungoma.

Khisa alifika na lori la ushirika katikati ya mwaka wa 2006, mashine yake imefungwa ndani ya godoro kama mgonjwa. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mcheshi, anayesalimia hata mlinzi wa lango kwa jina la mtoto wake. Mary Ann, karani wa mizani, alipoona sanduku la pili likiingizwa chumbani mwa Gathii alisema kwa sauti ya kutosha, "Haya, mke mwenza amefika. Tuone nani atapika leo."

Lilikuwa neno la mzaha, lakini lilimwingia Gathii kama mwiba wa mchongoma, ambao hukatikia ndani.

Watu husema uke wenza ni ugonjwa wa wanawake. Mimi nimeishi kanisani, shuleni na katika vyama vya wakulima, na nimeona wanaume wakiugua zaidi. Wivu huwashika wanaofanya kazi vizuri. Mvivu hana cha kuhofia kunyang'anywa. Gathii alikuwa amefanya kazi vizuri kwa miaka mingi, na sasa akaanza kufanya kazi nyingine ya siri, ya kumpima Khisa. Aliangalia macho ya Mary Ann yanakwenda kwa nani kwanza akiingia na shida. Alisikiliza Mwenyekiti akipita, kama atasema "Khisa" au "Gathii". Mpishi wa chai alipomwekea Khisa kikombe chenye sikio na yeye kilichovunjika sikio, hakunywa chai siku hiyo.

Alimcheka matamshi. Khisa, kama watu wengi wa Bungoma, aliweka r mahali pa l na l mahali pa r, na Gathii aliwaigiza makarani jinsi alivyosema "reo" na "kalibu". Makarani walicheka zaidi ya alivyotarajia, kwa maana Gathii naye, kama watu wengi wa Nyeri, husema "rakini", na hajawahi kujisikia.

Hata kanisani hakupumzika. Khisa alijiunga na kwaya, sauti ya nne, na Beth akarudi nyumbani akisema leo wimbo ulikuwa na msingi. Gathii akamuuliza siku zote ulikuwa hauna? Beth, ambaye hakuwa na neno lolote moyoni, alishangaa. "Baba Nyaruai, si nimesema tu mtu anaimba vizuri?"

"Umesema mara ngapi?"

Beth akaondoa sahani.

Jambo ambalo Gathii hakuliona, au hakutaka kuliona, ni kwamba Khisa alikuwa amepoteza zaidi yake. Mkewe Nabwile na watoto walibaki Kanduyi, naye aliwaona mwisho wa wiki tu. Mashine yake ilikuwa imeng'olewa ikaletwa katika nyumba ya mtu mwingine. Siku moja wakivuta kebo, Khisa alisema kwamba alipoufungua mlango wa kile chumba cha Kanduyi akakikuta kitupu, alihisi kama mtu aliyetoka matangani. Gathii aliyasikia maneno hayo akadhani ni ujanja wa kutafuta huruma.

Kuziunganisha kulihitaji mashine zote mbili zizimwe, kwa hiyo kazi iliwekwa Jumapili, wakati mizani imefungwa. Sipendi kazi ya Jumapili, lakini ng'ombe akitumbukia shimoni hutolewa. Walianza baada ya ibada ya kwanza. Kichwa cha Kitale kiliunganishwa na makabati yake na ya mwenzake, na kichwa cha Bungoma vivyo hivyo, ili kila kimoja kiweze kuzifikia diski zote. Kati ya vichwa viwili wakaweka kebo fupi, ambayo kwayo kila mashine husikiliza mapigo ya moyo ya mwenzake. Mapigo yakinyamaza, iliyo hai huchukua diski za iliyoanguka.

Khisa aliinama akasoma plasta za Gathii moja baada ya nyingine. "Bwana Gathii, wewe unaandika kama mwalimu wa nasari," alisema. "Hata mtoto hawezi potea hapa." Ilikuwa sifa ya kweli. Gathii alisikia neno nasari, shule ya watoto wadogo, peke yake.

Sasa palibaki jambo moja la kuandika. Kushika diski za mwenzako hakutoshi. Makarani huita kwa jina. Ikiwa Kitale imeanguka na Bungoma imechukua diski zake, karani bado ataita "Kitale". Kwa hiyo katika maagizo ya kila mashine, yale inayoyasoma inapoamka, lazima kuwe na mstari unaoiambia: mwenzako akianguka, uitike kwa jina lake. Bila mstari huo mashine itakuwa na shehena yote mikononi, lakini itakaa kimya kama mtu asiyejua kwamba anaitwa.

Khisa akapendekeza wabadilishane. "Wewe uandike ya Bungoma, mimi niandike ya Kitale. Mtu hajikagui mgongo." Kwao, alisema, watu wakichimba kisima wanabadilishana kamba, kila mtu anafunga ya mwenzake, hapo ndipo hakuna anayefunga vibaya.

Gathii akakubali. Khisa aliandika maagizo ya Kitale, pamoja na mstari wa kuitika kwa jina la Bungoma, akamaliza, akatoka kunawa mikono. Gathii aliketi mbele ya mashine ya Bungoma. Aliandika kwa uangalifu ule ule wa siku zote, mpaka akafika kwenye mstari ule. Hapo vidole vyake vilisimama. Sanduku hili lililokuja ndani ya godoro liitike likiitwa Kitale? Likiitika vizuri, nani atajua kwamba Kitale haipo? Na ikiwa hakuna atakayejua kwamba Kitale haipo, nani atajua kwamba Gathii hayupo?

Mtu yule aliyefarijika kando ya kaburi kwa sababu mtoto mdogo anaitikia jina la marehemu alikataa jambo lile lile kwa chuma.

Aliuruka mstari. Akajiambia ataurudia baadaye. Wivu hauingii nyumbani umeshika panga. Huingia na neno "baadaye", ukapewa kiti.

Alasiri Kiplagat alikuja na wanakamati kuona jaribio. Khisa aliizima Bungoma. Kitale ikahisi mapigo yamenyamaza, ikachukua diski, ikaitika kwa majina yote mawili. Karani wa Kanduyi, aliyekuwa ameombwa kufika kazini, alipiga simu akasema kwake kila kitu kinaonekana. Wanakamati wakapiga makofi kama kwenye harusi. Khisa akairudishia Bungoma mzigo wake, akasema sasa wageuze, walaze Kitale waone kama Bungoma itaibeba.

Gathii alisema hakuna haja. "Rakini Mwenyekiti, si mmeona? Ni kebo zile zile. Kitale imefanya kazi siku nzima, tusiichoshe bure."

Khisa akamgeukia Kiplagat. "Mzee, tumejaribu nira kwa shingo ya fahali mmoja."

Lakini nje wake wa wanakamati walikuwa wameandaa chakula cha shukrani, na harufu ya nyama ilikuwa imeingia chumbani. Kiplagat alisema kama mafundi wawili wanatofautiana, atamsikiliza aliyekaa hapo zaidi. Wakatoka kula. Khisa alimtazama Gathii kidogo, akainua mabega, akafuata.

Gathii alikuwa na miezi yote ya Agosti, Septemba na Oktoba ya kuuandika mstari ule. Ulikuwa kazi ya muda wa kupenga kamasi. Hakuuandika. Asubuhi nyingine alikuja mapema kwa nia hiyo, akamkuta Khisa ameshafungua chumba na Mary Ann anacheka mlangoni, na nia ikafa.

Novemba trela za mahindi zilijipanga nje ya lango mpaka barabarani. Mwaka ule mvua za mwisho zilichelewa kuondoka. Alasiri moja wingu jeusi lilishuka kutoka mlimani, radi ikapiga karibu sana na ofisi, taa zikayumba, na kichwa cha Kitale kikaungua. Ilisikika harufu ya mpira ulioungua, kisha ukimya mahali palipokuwa na mvumo.

Watunzaji wote wawili walikuwa chumbani. Khisa aliwahi kwenye skrini ya Bungoma, akaona inachukua diski za mwenzake kabati kwa kabati, akavuta pumzi. "Imebeba," alisema. Lakini Mary Ann akaja kutoka mizani kusema kwake hakuna kitu, kila akiita hapati jibu. Kanduyi walikuwa wanaendelea kama kawaida. Kitale pekee ndiyo ilikuwa imekufa.

Khisa alikagua kebo. Akakagua swichi. Akamwambia Mary Ann azime na awashe. Nje mvua ilikuwa imeanza, matone mazito ya kwanza, na wakulima wakaanza kupiga kelele wapimiwe au wafunguliwe ghala waingize trela. Ghala lilikuwa limejaa. Mbele kabisa ya foleni alikuwa mjane mmoja anayeitwa Nasambu, kutoka njia ya Suam, aliyekuwa amekuja na trela ya kukodi na turubai lenye matundu. Mahindi yake yalikuwa makavu, yamepita kipimo cha unyevu langoni. Kilichobaki ni picha yake itokee.

Gathii alisimama dirishani. Alijua tangu neno la kwanza la Mary Ann. Angeweza kusema, na mizani ingefunguka kabla turubai halijalowa. Hakusema. Aliutazama mgongo wa Khisa ukihangaika, shati limeshikana kwa jasho, na akasikia ndani yake utamu ambao hakuwahi kuusikia tangu mtu huyu aje. Huo ndio ukweli, na haufai kupakwa sukari. Mtu mwema, baba wa familia, aliona raha.

Kiplagat aliingia akichuruzika maji. Alimwendea Khisa moja kwa moja. Alisema waliambiwa mmoja akianguka mwingine anasimama, wameng'oa mashine ya watu Bungoma kwa sababu ya maneno hayo, na leo hawana hii wala ile.

"Imesimama, mzee," Khisa alisema. "Diski zote iko nazo. Ni kuitika haiitiki."

"Basi kesho urudi kwenu na hii kiziwi yako."

Gathii alikuwa amelitaka neno hilo kwa miezi mingi, na sasa alilisikia kwa masikio yake. Angenyamaza dakika chache tu zaidi, ushindi ungekuwa wake.

Khisa aligeukia skrini. Aliketi, akafungua maagizo ya Bungoma, akasoma mstari kwa mstari huku kidole kikitembea juu ya kioo. Kidole kikasimama. Akakirudisha juu, akasoma tena. Kisha aligeuza kiti, akamtazama mtu aliyeyaandika maagizo yale.

"Bwana Gathii. Kuja hapa."

Gathii alikuja.

"Keti. Soma."

Gathii aliketi. Hakuhitaji kusoma.

"Ni nini haiko?"

Kiplagat aliuliza wanaongea habari gani. Khisa alimwinulia mkono kwa heshima, kama mtu anayeomba kungoja, na macho yake hayakutoka kwa Gathii.

"Mimi naweza iandika saa hii, ni mstari tu," alisema polepole. "Rakini nikiandika mimi, wewe na mimi hatutafanya kazi kwa hii chumba tena. Hata nikikaa, hata ukikaa."

Hakuna aliyecheka kwa sababu ya matamshi. Gathii aliweka mikono juu ya vibonyezo. Mikono ile iliyokuwa imefungua mamia ya redio ilikosea, akafuta, akaandika tena: mwenzako akianguka, uitike kwa jina lake. Akabonyeza, mashine ikayasoma maagizo upya. Kutoka upande wa mizani walisikia sauti ya Mary Ann akiita mwanachama wa kwanza.

Kiplagat alikuwa ameanza kumpa Khisa mkono. Gathii alisimama.

"Si kusahau, Mwenyekiti," alisema. "Ule mstari niliuacha. Tangu Jumapili ile."

"Uliuacha kwa nini?"

Gathii alitafuta neno zuri, la kifundi, na yalikuwapo mengi. "Nilimwonea wivu," akasema.

Kiplagat alimaliza kumpa Khisa mkono. Alitoka akaenda kusimamia trela.

Kwa Nasambu walikuwa wamechelewa. Picha yake ilitokea, lakini trela ilikuwa imekwisha kujaa maji, na kipimo cha unyevu kikayakataa mahindi ambayo saa chache kabla kiliyakubali. Akageuza trela. Gathii angeweza kujificha nyuma ya radi. Watu wote waliona ni radi. Siku iliyofuata aliomba likizo, akamchukua Beth na maturubai ya kukopa kanisani, wakapanda njia ya Suam mpaka kwa mjane yule. Alimweleza mlangoni, kabla hajakaribishwa.

Nasambu alimsikiliza mpaka mwisho, mikono imekunjwa. Halafu akauliza, "Na mahindi yangu ilikukosea nini?"

Gathii aliinama akaanza kukunjua maturubai. Wivu humlenga mtu mmoja na kumpiga aliye kando yake. Walikaa huko mpaka kazi ikaisha, wakianika asubuhi, wakigeuza mchana, wakifunika kila wingu lilipopita. Sehemu iliota ukungu ikatupwa. Iliyobaki ilipita mizani. Jioni za huko Beth alizungumza na Nasambu jikoni kama ndugu, lakini na mumewe alizungumza machache. Alikuwa amekumbuka lile swali la "umesema mara ngapi", na sasa alijua lilitoka wapi.

Kamati ilikaa. Wengine walitaka afukuzwe. Khisa aliulizwa, akasema fundi anayekiri ni adimu kuliko kichwa cha mashine, na kichwa cha mashine kimewachukua wiki tatu kukipata kutoka Nairobi. Wakacheka, na kicheko hicho ndicho kilichookoa kazi ya Gathii. Lakini si mahali pake. Waliamua Khisa abaki Kitale, ahamishe mkewe na watoto, na Gathii aende ofisi ya Bungoma, ambako hakuna mashine, kuna kompyuta za makarani na mlingoti tu. Kitale ilipofungwa kichwa hicho kipya, Khisa aliilaza na kuiamsha, akaijaribu pande zote mbili, bila Gathii kuwapo. Ilifanya kazi.

Niliwahi kumtembelea Gathii huko Kanduyi mwanzoni mwa mwaka wa 2008, nchi ilipokuwa imeanza kutulia. Majirani zake wa Kibukusu, wenyeji wa huko, walikuwa wamemficha yeye Mkikuyu wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi, naye hakupenda kulizungumza sana. Nilimkuta ofisini, mvi zimemwingia, anamfundisha karani namna ya kusafisha kibodi, na karani alikuwa amekaa upande wa mbele, si nyuma ya mgongo.

Tulipokuwa tukinywa chai mkulima mmoja aliingia, mzee wa hapo hapo, akasalimia watu wote, kisha akamuuliza Gathii kama wanavyomuuliza wote wanaoingia pale, "Khisa wetu yuko aje huko?"

Niliuona uso wake. Kitu kile hakijafa ndani yake, na asikudanganye mtu kwamba hufa kwa kukiri mara moja. Shavu lilikaza. Aliweka kikombe chini.

"Yuko mzima," Gathii alisema. "Nabwile amejifungua msichana. Na mashine zote mbili zinakwenda vizuri. Anazitunza vizuri kuliko nilivyozitunza."

Mzee akafurahi, akaketi, akataka kusikia zaidi, na Gathii akaendelea kumwambia.